Kikombe cha Mgeni

"Kwani Ochan bado hajarudi nyumbani?"

Umulkheir alikuwa ameinamia kasha la nyuzi katika duka moja la Kansanga, akitafuta buluu ya kushonea sare za shule. Akainua kichwa. Aliyeuliza alikuwa Faustino, fundi aliyekwenda Karamoja pamoja na Ochan, mume wake, kusimamisha mitambo ya upepo.

"Arudi vipi na kazi haijaisha?"

Faustino akakuna kidevu. "Haijaisha? Madamu, kazi ilimalizika kabla ya Ramadhani. Walitupakia kwa lori, tukarudi wote. Mimi niko hapa Namuwongo na mke wangu."

Umulkheir akarudi kuchambua nyuzi, maana aibu ya mjini haimruhusu mtu kulia dukani.

"Ee, alirudi," akadanganya. "Akaitwa tena."

"Sawa, sawa. Nisalimie yeye."

Faustino alijua ameharibu mambo. Akashika njia yake haraka.

Tangu hapo Ramadhani ilikuwa imepita. Idi nayo ilikuwa imepita. Siku ya Idi Umulkheir alivaa gauni jipya, akakaa barazani na baba yake, simu mapajani. Ochan akapiga, akasema, "Nisamehe mke wangu, bosi amekataa kunipa ruhusa." Naye akamwonea huruma mume, akamlaani bosi mchana kutwa. Kumbe bosi mwenyewe hayupo! Jioni hiyo alipanda boda kurudi Kibuli akilia kimyakimya mgongoni mwa mtu asiyemjua.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Baba yake, Mzee Habib, mwenye nyumba waliyoishi tangu waoane, alikuwa bado msikitini kwa magharibi. Umulkheir akakaa kwenye ukingo wa kitanda ambacho tangu mwaka jana analala upande mmoja tu, kana kwamba wa pili una mwenyewe. Akashika simu, akalitafuta jina la Ochan. Akaandika:

"Faustino yuko Namuwongo. Wewe uko kwa nani?"

Simu ikaita papo hapo.

"Umu..."

"Usiniite Umu. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayecheka hapo! Namsikia, Ochan!"

Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma, na kweli mwanamke alikuwa akicheka. Ochan akasema jambo pembeni, kisha ikaja sauti ya kikongwe, nzito na yenye furaha.

"Jambo, mke ya fundi! Mimi iko na mashine ya kusaga. Wewe nakuja lini?"

Ochan akarudi hewani.

"Ana wajukuu, yule mama. Hakuna mwanamke mwingine, wallahi."

"Basi kuna nini?"

"Kijiji kilihitaji fundi wa kukaa. Mimi nikasema nitabaki." Sauti yake ikachangamka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Umu, ungeona! Maji yanapanda yenyewe kutoka kisimani mpaka bomba la karibu na shule. Zamani akina mama walitembea asubuhi nzima. Zahanati ina friji ya chanjo. Mtama walikuwa wanasaga juu ya jiwe mpaka magoti yamekufa, sasa mashine inafanya. Watoto wanazaliwa kwenye taa."

"Na mimi nimekaa gizani Kibuli!" Umulkheir akapiga kelele. "Watoto wa watu wanazaliwa kwenye taa. Wa kwangu nitamzaa na nani?"

Mashine ikanguruma peke yake.

"Nikikwambia sababu utakasirika."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Ni kile kikombe."

"Kikombe gani?"

"Chenye ukingo wa dhahabu. Kile mnachonipa chai."

Umulkheir alidhani amesikia vibaya. Kikombe kile kilikaa kabatini, hakikuguswa na mtu. "Tunakuheshimu, Ochan! Baba hampi kila mtu kile kikombe."

"Najua. Anampa mgeni." Akavuta pumzi. "Miaka minne, Umu. Bomba la jikoni lilipasuka, mzee akaita fundi kutoka barabarani. Mimi, fundi, nimekaa kwa kiti natazama. Nikainuka, akaniambia, 'Kaa, bwana, usijichafue.' Kila siku naona nangoja kuagwa tu. Huku siku ya kwanza yule mama alinitupia gunia, akasema, 'Beba.' Nililala vizuri siku hiyo."

"Ungeniambia!"

"Ningesema nini? Kwamba nalia kwa sababu nakunywa chai kwa kikombe kizuri?"

Umulkheir alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Ijumaa nakuja," Ochan akasema polepole. "Kama unataka talaka, nitaitoa mbele ya mzee. Siwezi kukuomba uache nyumba ya baba yako."

Simu ikakatika. Mzee Habib aliporudi alimkuta binti yake gizani, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki, Umulkheir alimweleza yote bila kuficha.

"Nimemkosea nini?" mzee akauliza. "Nimemheshimu kuliko wanangu. Mkwe hatumwi, Umu. Ndivyo tulivyolelewa, sisi na waliotutangulia kutoka pwani."

"Yeye alilelewa kambi ya wakimbizi wa vita, Baba. Kambini anayekaa bure ni mgonjwa au mfungwa."

Mzee alikwenda kulala bila kula.

Ijumaa, baada ya swala, Ochan akabisha hodi kwenye nyumba aliyokuwa akiishi. Alikuwa amekonda, jua la Karamoja limemuunguza. Akaketi kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Umulkheir alimtazama akatamani kumrukia shingoni, na pia kumpiga kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Karibu, bwana," Mzee Habib akasema kwa mazoea. "Umu, mletee..."

Akaishia hapo.

Umulkheir akaingia jikoni. Kikombe cha dhahabu kilikuwa kabatini, kinang'aa. Akakiacha. Akachukua kile cha bati kilichobanduka rangi, anachonywea yeye mwenyewe, akakijaza chai ya tangawizi na kukiweka mbele ya mume wake.

Ochan akakitazama. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akanywa.

"Mwanangu," mzee akasema. Neno hilo hakuwahi kumwita, na lilimtoka kwa shida. "Taa ya baraza imenishinda. Hata umeme ukiwepo, haiwaki."

"Niite fundi?" Ochan akauliza kwa tahadhari.

"Nakwambia wewe. Ngazi iko nyuma ya jiko."

Ochan akaweka kikombe chini, akatoka karibu mbio. Baada ya muda mfupi alikuwa juu, bisibisi mdomoni, na Mzee Habib chini na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa.

"Mzee, shika ngazi! Usitazame juu, shika!"

Hakuna aliyewahi kumfokea Mzee Habib hivyo.

"Nimeshika, nimeshika!"

"Sasa mzee, zima swichi kubwa! Umu, njoo ushike ngazi wewe! Haya, washa!"

Taa ikawaka. Ulikuwa mchana, mwanga wake hauonekani vizuri, lakini walisimama wote watatu wakiutazama. Kanzu ya mzee ilikuwa na vumbi la ngazi kifuani, wala hakulipangusa.

"Sitaki talaka," Umulkheir akasema, angali ameshika ngazi.

Ochan akashuka. "Nimewaahidi wale watu, Umu. Siwezi kuwaacha."

"Sijakwambia uwaache. Sare za watoto wa huko nani anashona?"

"Hakuna. Umeme upo, cherehani hakuna."

Umulkheir akamgeukia baba yake. Hapo moyo ulimwuma kweli, maana upweke aliokuwa anauacha ulikuwa unahamia kwa mzee.

"Nenda," Mzee Habib akasema kabla hajaulizwa. "Mdogo wako Firdaus yuko Kansanga tu hapo. Ataniangalia." Kisha akaingia ndani upesi, ili wasimwone machozi.

Jumamosi Ochan akatangulia. Jumapili jioni Umulkheir alikuwa barazani, chini ya taa, akifunga cherehani kwa mablanketi. Ndani, baba yake alikuwa anakohoa peke yake, na kila kikohozi kilimfanya asimamishe mikono. Akaandika:

"Kesho napanda basi. Nikifika msinipe kiti."

Jibu likaja:

"Yule mama ameshakutengea gunia la mtama. Anauliza kama unabebea kichwani au mgongoni."

Umulkheir akacheka kwa sauti, mpaka mzee akauliza kutoka ndani kuna nini.