Bandi Nyeupe kwenye Bleza ya Bluu

"Simjui huyu mzee!"

Nilimwambia mlinzi hivyo, nyuma ya jukwaa, mzee mwenyewe akinitazama.

Jamani... yule ni baba yangu mzazi!

Msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Baba ni fundi cherehani. Mimi nimesomea ubunifu, najiona mjuzi. Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya mavazi, mshindi anapewa duka mwaka mzima. Nilitengeneza bleza ya bluu ya kishua, vifungo vya dhahabu, tai ya mistari. Halafu nikaitia ukorofi: mkono mmoja nikaukata, mgongoni nikajaza pini.

Nikaharibu bega. Likalegea kabisa!

"Iache hapa, kaoge," baba akasema. "Nitakuletea."

Akaileta kweli ukumbini, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mwanamitindo akaivaa, ndipo nikaona... bandi! Zile nyuzi ndefu nyeupe ambazo fundi hushikizia nguo kisha huzifumua. Zimejaa begani mpaka kwenye kola!

"Baba, umesahau kufumua! Umenichoresha!"

"Sijasahau. Si ulitaka nguo ya wakubwa iliyogoma kutii? Basi..."

Wenzangu wakaanza kucheka. Hata bleza hawakuiangalia, walicheka kandambili za baba.

Mlinzi akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Ndipo nikamkana. Baba hakubisha. Akatolewa nje kama mwizi.

Bleza ikapanda jukwaani. Ukumbi ukalipuka!

Jaji mkuu, mama mmoja mkali, akashika maiki.

"Kukata mikono kila mtu anakata. Lakini kuacha bandi nje, kuionyesha nguo kabla haijafugwa... hilo wazo ni la nani?"

Nikasogea mbele.

"Langu," nikasema.

Nikashinda!

Nyumbani nikamkuta baba anakunywa chai. Nikatafuta pa kuanzia.

"Baba, wameipenda..."

"Najua. Nilikaa getini, spika zinasikika mpaka pale."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Umesikia... yote?"

"Yote. Umeongea vizuri." Akanisogezea kikombe. "Kunywa, itapoa."

Bora angenizaba kibao!

Ndugu zangu, picha ya bleza mnayoisambaza, fundi wake ni baba. Jaji nimeshamwandikia ukweli. Duka wakilichukua, walichukue.

Ukimwonea mzazi haya mbele za watu, aibu inabaki kwako. Mimi ninayo. Tangu juzi nashindwa kumtazama usoni, na yeye kila asubuhi ananiuliza kama nimekula.