Gari la Kwanza la Chiriku

Jua lilikuwa linazama Dereva alipoingia duka la vitu vya watoto, bado amevaa koti lake la kiwanda cha mikate. Kesho yake bintiye alikuwa anatimiza miaka minne. Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza, na mwezi mzima wimbo wake ulikuwa mmoja: gari la rimoti.

Mwenye duka alimwekea magari matatu juu ya meza, akatoka kuwasha taa ya nje.

Dereva aliyatazama. La kwanza lilikuwa la mashindano, jembamba, rimoti yake imejaa vitufe kama ya rubani. La pili lilikuwa jekundu, lenye magurudumu manene ya mpira. La tatu lilikuwa basi dogo la shule, la njano. Hilo hakulishika. Alilisukuma kando kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu.

"Hilo la mashindano achana nalo. Litamshinda, atalia tu."

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni yake. Kitambaa cheusi kichwani, kikapu kitupu mkononi. Dereva hakumsikia akiingia. Alisikia harufu tu... harufu ya viti vya gari lililoachwa juani kutwa.

"Ana miaka mingapi?" mama aliuliza.

"Anatimiza minne kesho."

"Minne," alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Akalichukua lile jekundu, akalipindua. Akamwonyesha: vitufe viwili tu, kwenda na kugeuka, mkono wa mtoto unavimudu. Mwendo wake wa kobe, halitamgonga mtu miguu. Kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, asije akazitoa akazimeza. Yote aliyosema yalikuwa maneno ya mzazi aliyelea akajua. Kisha akapitisha ukucha kwenye mlango mdogo wa gari.

"Milango yake inafunguka kwa ndani?"

Dereva alicheka. "Mama, hili ni la kuchezea."

Mama hakucheka. "Ndiyo maana nauliza. Watu hawaulizi."

Dereva akalipia lile jekundu. Alipogeuka kushukuru, mama hakuwepo.

Njiani swali lile lilimganda kama utomvu. Aliwahi kuulizwa hivyo hivyo miaka saba nyuma, na hakimu, mbele ya watu.

Wakati huo alikuwa anaendesha basi la shule ya watoto wadogo. Mhudumu wake alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye watoto walimwita Shangazi Hesabu, kwa kuwa hakushusha mtoto bila kumgusa kichwa na kumhesabu. Asubuhi ile Dereva alikuwa na haraka. Kuna mtu alimwahidi kibarua cha kubeba viti vya harusi kwa gari lingine. Walipofika getini, alimwambia, "Shangazi, wapeleke hao ndani. Nyuma nitaangalia mwenyewe."

Hakuangalia.

Aliegesha basi kwenye uwanja usio na kivuli, akafunga, akaenda kwenye viti vyake. Aliporudi saa nane mchana, msichana wa miaka minne mwenye sweta ya shule alikuwa amejikunja chini ya kiti cha mwisho. Vioo vyote vilikuwa na alama za viganja.

Mahakamani alisema, "Mhudumu aliniambia wote wameshuka." Basi. Sentensi moja. Shangazi Hesabu alisema kweli yake, lakini kazi ya kuhesabu ilikuwa yake, na neno lake halikuzidi la mwanamume aliyesimama wima na kusema bila kutikisika. Shangazi alifungwa miaka miwili. Mama wa mtoto alikaa safu ya mbele siku zote za kesi. Dereva hakumtazama usoni hata mara moja. Hata leo angekutana naye barabarani, asingemjua.

Alifika nyumbani, Chiriku akamdaka mlangoni. Zawadi haikufichika. Nusu saa nzima gari jekundu lilizunguka sebuleni, likagonga miguu ya meza, likarudi, mtoto akicheka hadi kushika tumbo. Mkewe alisimama mlango wa jikoni akitabasamu.

Ghafla Chiriku akanyamaza.

Alikuwa amelala kifudifudi, sikio juu ya paa la gari.

"Baba, kuna mtu anagonga."

"Hiyo ni injini, mama."

"Siyo injini. Anagonga hivi." Akapiga sakafu kwa kiganja, siyo kwa ngumi. Pa... pa... pa...

Dereva aliliokota gari. Paa lilikuwa la moto, kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi. Vioo vyake vidogo vilikuwa vimefanya ukungu.

Kwa ndani.

Na katika ukungu ule, kiganja. Kidogo kuliko punje ya mchele. Vidole vitano.

Alichukua bisibisi, akatoa betri za gari, akatoa na za rimoti, akazitia mfukoni mwa shati. "Limeungua waya," alimwambia mkewe. "Nitalirudisha."

"Kitu kipya hivyo?" mkewe aliuliza, akimtazama mikono. Bado ilikuwa imeshika bisibisi.

Kesho yake, mchana wa siku ya kuzaliwa, Dereva alirudi kutoka kugawa mikate, akaegesha gari la kiwanda uani. Lilikuwa gari la kufungwa nyuma, lenye mlango wa kuburuza ubavuni na ubao wa kuteremshia kreti. Alishusha kreti chache, akaacha mlango wazi apumzike kidogo. Mkewe alikuwa anatoka kununua mishumaa.

"Mwangalie mtoto."

"Namwangalia."

Alikaa kivulini kwenye kiti cha plastiki, Chiriku akiropoka miguuni pake na gari lake lisilokwenda. Alikuwa ameamka saa tisa usiku. Alifumba macho kidogo tu...

Kilichomwamsha kilikuwa kimya.

Chiriku hakuwepo. Gari jekundu halikuwepo. Rimoti ilikuwa mapajani mwake, na alipogusa mfuko wa shati, betri zote zilikuwa humo.

Piii.

Honi ndogo, nyembamba. Ilitoka ndani ya gari la mikate.

Mlango wa kuburuza ulikuwa umefungwa. Yeye hakuufunga. Mtoto wa miaka minne hawezi hata kuusogeza. Mavumbi ya ubaoni yalikuwa na michirizi miwili ya magurudumu manene, na nyuma yake nyayo za mtoto, zikipanda.

Pa... pa... pa...

Alivuta mlango. Haukusogea. Aliingiza ufunguo, ukazunguka bure. Bati lilimchoma mikono. Kwenye kioo cha nyuma, katika ukungu, palikuwa na viganja viwili vya mtoto.

Kisha vikatokea vingine viwili pembeni.

"Nilisema uongo," Dereva alinong'ona, paji la uso limegusa kioo. "Nilisema uongo. Mwache huyu. Mwache huyu, nitasema."

Mlango haukufunguka. Alikimbia kuchukua mpini wa jeki, akavunja kioo, akapenya huku vipande vikimchana. Hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya tanuri. Alimkuta Chiriku katikati ya kreti, gari jekundu mapajani, nguo zimelowa jasho chapachapa. Lakini macho yalikuwa wazi, na hakuwa analia.

Alimbeba nje, akammwagia maji, akampa maji, akamshika kifua kusikia moyo.

"Dada alikuwa ananipepea," Chiriku alisema.

"Dada gani?"

"Mwenye sweta ya shule. Alisema usingizi utakuja, nisilale." Akameza funda jingine la maji. "Alisema yeye alilala."

Mkewe alirudi na mishumaa mkononi akawakuta wamekaa kwenye tope, mume amejaa damu. Dereva akamwambia yote, kuanzia viti vya harusi. Alipomaliza, mkewe alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake.

"Miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini, "nimelala na wewe na mtoto wa watu katikati yetu."

Jioni ile ile Dereva alikwenda kwa Shangazi Hesabu. Alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya ghala, akishona mifuko ya nguo. Alikuwa amezeeka kupita umri wake. Hakushangaa kumwona. Alimsogezea kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Shangazi, nimekuja kukuomba radhi. Kesho asubuhi nakwenda polisi kuandika maelezo. Nitasema nilikuambia nini getini."

"Hayo mimi niliyasema mahakamani, mwanangu. Walikuwa wananitazama kama mlango uliobaki wazi." Cherehani ikasimama. "Umekuja kwa kuwa umejuta, au kwa kuwa umeogopa?"

Dereva alitaka kusema amejuta.

"Nimeogopa," alisema. "Ndipo nikajuta."

Shangazi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia.

"Mama yake alikuja hapa mwaka jana," alisema. "Akakaa hapo ulipokaa. Nikamweleza ya getini. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Nilidhani atakuapiza, hakukuapiza. Aliniuliza kitu kimoja tu. Je, una mtoto? Nikamwambia nasikia unaye, mdogo."

"Kisha?"

"Akaondoka. Tangu siku hiyo nyumba yake imefungwa. Majirani hawajui kahama au kafanya nini. Wanasema madirisha yana ukungu asubuhi hadi jioni, na ndani hamna mtu."

Dereva alikwenda polisi kweli, na Shangazi Hesabu akaenda naye. Askari alipouliza jina la marehemu, alilitamka kwa mara ya kwanza tangu mahakamani, na kalamu ya askari ikasubiri hadi alipoweza kuendelea. Kesi imefunguliwa upya. Kiwandani wamemwachisha kazi. Mkewe hajamfukuza, wala hajamsamehe. Humwekea chakula na kuondoka mezani. Gari jekundu walilichoma moto, likatoa moshi mweusi uliokataa kupanda.

Chiriku hajambo. Anakula, anacheza, anaropoka kama kawaida. Ila kuna jambo moja, na Dereva hajamwambia mtu.

Wakipanda gari lolote, la abiria au la jirani, mtoto husogea akaacha nafasi kidogo kati yake na dirisha. Wakifika, hakubali kushuka wa kwanza. Hugeuka, akatazama kiti kile kitupu, akasema kwa upole:

"Shuka, tumefika."

Kisha husubiri. Husubiri kwa muda ule ule ambao mtoto mdogo huchukua kuteremka ngazi, mguu mmoja, kisha wa pili. Na Dereva, mkono wake juu ya mlango, husubiri naye, asithubutu kuufunga.

Juzi walisubiri sana.

"Baba," Chiriku alisema mwishowe, bila kugeuka. "Leo hataki kushuka."