Gari ya Siti Mbili

Siku ya soko mjini Arua, mahali pa kuoshea magari hapakuwa na nafasi hata ya kusimamisha baiskeli. Povu la sabuni lilitiririka hadi barabarani, redio mbili zilishindana kelele, na mama wa maandazi alipita katikati ya magari amefunika beseni lake, maji yasilirukie. Ndipo ikaingia Hilux nyeupe, akashuka kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vya ngozi vimechongoka mbele. Jina lake Soka, mtu wa Yei. Kazi yake ilikuwa kuchukua magari Kampala na kuyafikisha mpakani Oraba, ambako wenyewe walitoka Juba kuja kuyapokea.

"Kaka, gari yako inalia," sauti ikamwambia.

Akageuka. Msichana wa shungi la njano na gauni la kitenge, ameshika kopo la grisi kama wenzake wanavyoshika mkoba.

"Inalia nini?"

"Gia ya tatu. Unaisukuma kabla haijakubali. Nimekusikia toka kule kwenye mzunguko."

Soka akacheka. "Dada, wewe ni fundi?"

"Mimi nauza vipuri, duka lile pale. Baba yangu marehemu alikuwa dereva wa jeshi. Nilijua klachi kabla sijajua kusonga ugali."

"Sasa atakuoa nani?"

"Mtu mwenye gari isiyolia."

Waosha magari walishangilia mpaka Soka akaona haya. Lakini Hilux haijakauka, tayari alikuwa na namba ya simu ya msichana yule, na jina lake pia: Shamira.

Basi, simu zikaanza.

"Mpenzi, niko Karuma. Nyani wamekaa kando ya barabara, wananitazama."

"Wasalimie. Uwaambie shemeji yao yuko Arua."

"Na mimi hunisalimii?"

"Ngoja kwanza. Leo umekuja na gari gani?"

Hapo mama mwenye kusikia angeshtuka. Msichana anauliza gari kabla hajauliza mtu ameamkaje! Lakini mapenzi yakiwa mapya, nani anasikia? Soka alifurahi tu. Kila safari alipita Arua, akamchukua Shamira kumpeleka kwao Koboko, na njiani akamwachia usukani kidogo. Leo Prado, safari nyingine Subaru. Harufu ya siti mpya, upepo wa dirishani, mkono wake juu ya gia na mkono wa Soka juu ya mkono wake. Soka akishavuka kwenda zake, Shamira alibaki na hamu iliyomkaa kifuani kama chakula kisichoshuka, na hakujua hamu hiyo ni ya nani au ya nini.

Baadaye wajomba wa Soka wakaenda Koboko kupiga hodi kwa mama yake Shamira, Hawah, mjane anayeuza vitenge sokoni. Wakapewa viti, wakanywa chai, neno lao likapokelewa. Toka siku hiyo desturi ikashika kama inavyojulikana kwetu: mkwe hamsogelei mama mkwe. Akimwona njiani, anampisha. Hali naye, hakai naye benchi moja. Ndiyo heshima.

"Yule kijana ana adabu," Hawah alimwambia binti yake. "Lakini sijamwona hata siku moja na kitu chake. Kila siku cha watu. Wewe unapenda mtu, ama unapenda anachokuja nacho?"

"Mama, na wewe!"

"Mimi nauliza tu, mwanangu. Mama akinyamaza ndiyo mbaya."

Ikafika siku ya ile gari.

"Toka nje ya duka," Soka alisema kwenye simu. "Toka tu, usiulize."

Nje ilisimama Nissan Fairlady, rangi ya chungwa, imelala chini kama mjusi juu ya mwamba. Siti mbili tu. Mwenyewe, tajiri wa Juba aitwaye Mzee Swaka, alikuwa anaingoja Oraba, na alimwagiza Soka aijaribu vizuri kwenye lami, asikilize injini, aje amwambie ikoje.

"Masikio yako yananishinda," Soka akasema. "Endesha wewe."

Shamira alivua viatu. Gari ile huingii, unateremka ndani yake. Siti ilimshika mbavu pande zote, miguu ikanyooka mbele kama mtu aliyekaa mkekani. Alipowasha, mngurumo haukubaki mbele kwenye injini, ulimpanda mgongoni. Klachi nzito, yataka mguu wa mtu aliyeamua. Gia fupi, ikiingia inagonga, tak, haina kubahatisha.

Walipita Ombaci polepole kwa sababu ya mbuzi na watoto wa shule. Mbele lami ikanyooka.

"Sasa," Soka akasema.

Akakanyaga mafuta. Mgongo ukaenda wote kwenye siti, pumzi ikabaki nyuma, miti ya kando ikawa ukuta mmoja wa kijani. Kwenye kona alingoja mwili wa gari uegame kama lori la baba yake lilivyokuwa likiegama. Haukuegama. Ilishika lami kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni. Kila kijiwe alikisikia viganjani. Breki akiigusa, gari inatulia hapohapo, haibishi.

"Ikoje?" Soka akauliza.

"Usiniongeleshe."

"Nimwambie nini Mzee?"

"Mwambie gari zingine unaziomba, zinakwambia ngoja. Hii unawaza tu, imeshafika."

Macho yake yaling'aa, midomo imefunguka kidogo. Soka hakutazama barabara, alimtazama yeye, akatamani naye atazamwe hivyo hata mara moja.

Koboko, karibu na stendi, mwanamke alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko mkononi, analia. Alikuwa Hawah.

"Shamira! Mama yako mdogo ameanguka sokoni Arua, wamempeleka hospitali. Gari zote hapa zimejaa!"

Soka alikuwa ameshatoka, ameteremka mpaka mtaroni, macho chini. "Shamira, mwambie mama aingie. Nitampeleka."

"Mimi?" Hawah akafuta machozi kwa mshangao. "Nikae bega kwa bega na mkwe? Na siti zenyewe zimelala kama kitanda! Koboko nzima itasema nini?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Soka alifikiri kidogo tu. "Basi ampeleke Shamira. Mimi nitangoja hapa." Kisha kwa sauti ya chini, "Mpenzi wangu, mpaka unafungwa jioni na Mzee anangoja. Mfikishe mama, ugeuze, urudi. Hapo hapo."

"Nageuza hapo hapo. Naapa."

Akabaki mtaroni juani, gari ya watu imekwenda na roho yake ndani.

Hawah njia nzima alishika mlango akisoma dua. Hospitali walimkuta mgonjwa amezinduka, anaulizia chai. Shamira akamshukuru Mungu, akambusu mama yake, akarudi garini. Kwenye mzunguko wa Arua, njia moja ilikwenda Koboko, nyingine ilikwenda Vurra. Ile ya Vurra ilikuwa tupu.

Kidogo tu, akajiambia. Nifike nigeuze.

Jamani, hilo "kidogo tu" limewala wengi. Alishusha vioo. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, na kila moja ilikuwa na wimbo wake. Hakuna mama pembeni, hakuna mchumba, hakuna wa kumwambia polepole. Mikono ilijua yenyewe. Alipofika Vurra, malori yalikuwa yamepanga mstari kuingia Congo, madereva wamekaa chini wanakula. Alizungusha gari mbele yao, matairi yakalia, shungi likapepea, na Shamira akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, kicheko kilichotoka tumboni.

"Ona ule dada!" dereva mmoja wa Aru, upande wa Congo, akapiga kelele. "Iko mutu ao iko radi?"

Simu zikainuliwa juu.

Video ilienda mbio kuliko gari. Shamira hajafika hata Maracha, simu ya Soka ikalia kule Koboko.

"Soka, gari yangu iko wapi?"

"Iko njiani, Mzee."

"Njia ya Congo? Nimetumiwa na watu watatu! Yule msichana ni nani?"

Soka angeweza kusema kaibiwa. Angeweza kumtaja mgonjwa. Alisema, "Ni mimi nilimpa, Mzee. Kosa ni langu."

"Basi niletee gari, na kazi yangu na wewe iishe leo."

Shamira alifika jua limeinama, vumbi la kando ya njia kwenye rangi ile ya chungwa. Akatoka mbio.

"Soka, nisamehe, nilitaka tu—"

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amezinduka."

"Alhamdulillahi." Akamwonyesha simu. Shamira akajiona anacheka. "Kazi imekwisha, lakini si hilo. Toka nikujue, hujawahi kucheka hivi ukiwa na mimi. Hata siku moja. Nilidhani unaningoja mimi, kumbe unangoja ufunguo."

"Si hivyo!"

"Ikoje, basi?"

Shamira akatazama ufunguo mkononi mwake. Soka akachukua ufunguo, akaondoka. Shamira alisimama anasikiliza gari ikienda njia ya Oraba, ya kwanza, ya pili. Soka alipoingiza ya tatu, aliiingiza taratibu, kama alivyofundishwa. Hapo ndipo Shamira alipokaa chini kando ya barabara akalia.

Simu ya Soka haikupatikana tena. Shamira alipiga asubuhi akifungua duka, akapiga mchana, akapiga akirudi. Kila Hilux iliyopita alitega sikio. Shati jeupe likitokea sokoni, alisimama atazame, kisha uso ukawa wa mtu mwingine. Siku moja mteja alimpa Subaru aijaribu, asikilize ina shida gani. Zamani angeruka. Alifika Ombaci akageuza. Siti ya pembeni haikuwa na mtu wa kumwambia "usiniongeleshe", na gari nzima ikawa kama nyumba iliyohamwa.

"Huli," Hawah akamwambia.

"Mama, si ulisema mwenyewe? Hana kitu chake."

"Nilisema vibaya." Hawah akaweka sahani chini. "Mtu aliyetoka kwenye gari ya tajiri akasimama mtaroni kwa heshima yangu, yule ana kitu chake. Wewe ndiye uliapa, nikasikia kwa masikio yangu. Wajomba zake wako Lobule, nasikia yuko kule analima mihogo. Nenda. Na usiende na uongo mkononi."

Akaenda. Pikipiki ya boda ilimfikisha mwisho wa njia pana, kutoka hapo akatembea, viatu mkononi, akiuliza nyumba hadi nyumba. Alimkuta Soka shambani, shati limechanika begani, jembe mkononi, baiskeli imeegemea ukuta wa nyumba ya mjomba. Amekonda. Shamira akamtazama mpaka Soka akashusha jembe.

"Nani amekuonyesha njia?"

"Watu. Lobule yote sasa inajua nakutafuta."

"Wanasemaje?"

"Wanasema sina haya."

Soka akageuza uso asionekane anatabasamu.

"Ile gari sikutaka inipende," Shamira akasema. "Ndiyo maana nilicheka mdomo wazi. Mbele yako naogopa. Naogopa jino langu hili lililopanda jingine, naogopa utaniona mjinga, naogopa utavuka Oraba usirudi. Nilikuwa nakuchekea nusu."

Soka akapangusa udongo kwenye mpini. "Na kuapa?"

"Hapo sina maelezo. Ulisimama juani kwa ajili ya mama yangu, mimi nikaenda kucheza Vurra. Nilivunja neno langu. Nimekuja kulisema, basi."

"Mimi hakuna atakayenipa gari tena, Shamira. Hapa ni mihogo na miguu. Utachoka."

"Nitachoka. Wajomba zako watarudi lini kwa mama?"

"Wewe msichana! Unaniposa?"

"Mtu aliyemfukuzisha mwenzake kazi atangoja kuposwa?"

Soka akacheka, akakaa chini kwenye tuta, akafunika uso kwa viganja vyenye udongo. Shamira akakaa karibu naye, si karibu sana. Wakakaa hivyo mpaka mjomba akaita kutoka uani kwamba wajomba wengine wako, na kama kuna neno, waseme, waende Koboko Ijumaa.

Wasichana, mwenzenu alipata bahati. Wengi wanaovunja neno wakirudi hawamkuti mtu. Anakuwa ameshavuka, ameshaoa, au ameshazoea. Shamira mwenyewe anajua hivyo, na hata leo Soka akichelewa kupokea simu, anapiga tena na tena mpaka apokee.

Jioni ile Soka alikwenda kuchukua baiskeli. "Panda nyuma nikufikishe kwenye boda. Jua linaondoka."

"Kwa baiskeli tunafika upesi?"

"Upesi sana. Ni mteremko wote."

"Na kwa miguu?"

"Kwa miguu giza litatukuta njiani."

Shamira akashika usukani wa baiskeli, akairudisha ukutani.

"Basi tutembee," akasema.