Bibi Amefutwa Daftarini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Macho ya Bibi hayakukiona tena kile kitundu kidogo, ingawa miguu yake ilikanyaga kibao cha cherehani kwa kasi ya msichana. Bibi alishona sare za wanafunzi. Chumba chao cha mbele kilijaa kola zisizo na mashati na mikono isiyo na wenyewe. Chiriku, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alifagia vipande vya kitambaa huku akisimulia ndoto zake zote. Jina hilo alipewa mtaani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Asubuhi moja, Chiriku akiwa bado na ufagio mkononi, mtu alibisha hodi. Alikuwa kijana mwenye kofia, amebeba rundo la karatasi.

"Tunahakiki daftari la wapiga kura!" alisema kwa sauti.

Bibi aliinuka upesi akaingia chumba cha ndani, nyuma ya pazia. "Mwambie sipo," alinong'ona.

Chiriku alikwenda mlangoni. Akisema Bibi hayupo, aliwaza, huyu atauliza anarudi saa ngapi, kisha atakuja tena. Kwa hiyo akakunja uso na kusema, "Bibi hatunaye tena."

Kijana akavua kofia. "Poleni sana," alisema kwa upole. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaenda zake.

Chiriku alishangaa kupewa pole, lakini shule ilikuwa inamngoja.

"Ameondoka?" Bibi aliuliza, akichungulia.

"Ameondoka. Kwani Bibi, hutaki kupiga kura?"

"Nilishapiga, mjukuu wangu. Miaka mitano iliyopita nilipanga foleni tangu alfajiri hadi jioni. Nilikuwa mtu wa mwisho, na karani alinitajia mwenyewe: kituo chetu tumepiga watu mia tatu na kumi. Walipobandika matokeo, kura zilikuwa mia nne na themanini! Hizo nyingine zilipigwa na nani? Kuku?"

Wiki mbili baadaye, karatasi ndefu zilibandikwa kwenye ukuta wa shule, kwa kuwa darasa moja lilikuwa limefanywa kituo cha uandikishaji. Wenzake walipokuwa wakicheza mpira, Chiriku alisimama kuzisoma. Alikuwa hawezi kupita penye maandishi bila kuyasoma. Kichwa cha orodha ya kwanza kilisema: WALIOFARIKI, WATAONDOLEWA DAFTARINI.

Jina la tano lilikuwa la bibi yake.

Chiriku alilisoma tena, herufi kwa herufi. Hatunaye tena! Ndiyo maana yule kijana alimpa pole. Alitafuta jina la babu yake katika orodha hiyohiyo, kwa maana Babu alikufa miaka tisa iliyopita. Hakuliona. Akahamia orodha ya pili, ya wapiga kura walio hai. Babu alikuwemo, jina lote, kazi yake ya uashi, na nambari ya nyumba yao. Chini kabisa paliandikwa: Mwisho wa kupokea malalamiko ni leo, saa kumi jioni.

Kengele ya saa nane ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka langoni. Alikimbia bila kumsalimia mtu, jambo ambalo mtaa mzima uliliona kuwa si la kawaida.

"Bibi, umekufa!" alisema akihema.

"Nimekufa? Kwa maradhi gani?"

Chiriku alieleza yote, na maneno aliyomwambia yule kijana hakuyaficha. Bibi alimtazama, kisha akacheka hadi pini zikamdondoka mkononi.

"Hatunaye tena! Mtoto wewe, hayo si ndiyo maneno ya kutangazia msiba? Haya, waache wanifute. Wamenipunguzia safari."

"Lakini Babu yuko hai."

Bibi akaacha kucheka. "Unasemaje?"

"Yumo kwenye orodha ya wapiga kura. Nimesoma mara tatu."

Bibi aliweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. "Mia nne na themanini," alisema polepole. "Kumbe hawakuwa kuku."

Alifungua sanduku, akatoa cheti cha kifo cha mumewe na kitambulisho chake mwenyewe, akajitupia kanga mabegani. Aliondoka na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alitembea mbio hata Chiriku akawa anakimbia ili asiachwe.

Kituoni walipanga foleni zaidi ya saa nzima. Zamu yao ilipofika, yule kijana mwenye kofia ndiye aliyekuwa karani. Alisoma kitambulisho, akatazama orodha, kisha akamtazama Bibi usoni.

"Mama, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, wewe... wewe ni marehemu."

"Basi marehemu nimekuja kulalamika," Bibi alijibu. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Msimamizi wa kituo, mwanamke mrefu mwenye muhuri mkononi, hakucheka. "Uliandika kifo bila kuona cheti?" alimuuliza karani. "Unajua kosa hili linaweza kukufukuzisha kazi?"

"Niliambiwa na mtoto wa nyumba ile," karani alisema. Macho yake yakamwangukia Chiriku. "Ndiye huyu!"

Msimamizi akamgeukia Chiriku. "Ni kweli ulimwambia hivyo?"

Watu wote walimtazama. Ilikuwa rahisi sana kusema kaka huyu alisikia vibaya. Nani angebisha? Lakini karani angefukuzwa kazi kwa maneno aliyoyasema yeye.

"Ni kweli," alisema. "Nilimwambia hatunaye tena, na Bibi alikuwa nyuma ya pazia. Kaka huyu hakusikia vibaya. Mimi nilisema uongo."

"Na mimi ndiye niliyemtuma," Bibi aliongeza, akimshika bega.

Msimamizi alishusha pumzi. "Hata hivyo ulipaswa kuomba cheti," alimwambia karani, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mama, tunaweza kukurudisha. Tunahitaji majirani wawili walioandikishwa waje wathibitishe kwamba ni wewe. Lakini sasa ni saa kumi kasoro robo."

Chiriku hakungoja kuambiwa. Alichomoka mlangoni, akaruka mtaro, akakata kona hadi kwa kinyozi wa mtaani kwao.

"Kinyozi! Bibi amekufa, njoo useme yuko hai!"

Kinyozi alibaki na mashine hewani. Kitini alikaa fundi bomba, jirani yao wa nyumba ya tatu, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na wa pili ukiwa msitu. Chiriku alieleza kwa pumzi moja.

"Twende," alisema kinyozi.

"Uniache hivi?" fundi bomba alilalamika.

"Nani kasema nakuacha? Wanatakiwa mashahidi wawili!"

Walikimbia wote watatu, fundi bomba akiwa na shuka la kinyozi linalopepea mgongoni. Mlinzi alikuwa ameshashika lango. "Bado dakika mbili!" alipaza sauti, na wakapenya wakisukumana. Watu darasani walipoona kile kichwa nusu walicheka hadi machozi, lakini kalamu ilitembea. Kinyozi akatia saini. Fundi bomba akatia saini. Muhuri ukashuka, pwa! Foleni ikapiga makofi. Chiriku alirukaruka kama aliyefunga bao.

"Bado," Bibi alisema. Alilaza cheti cha kifo mezani. Msimamizi alikisoma, akachukua kalamu nyekundu na kulikata jina la Babu mbele ya macho yao.

"Pumzika sasa, mume wangu," Bibi alisema taratibu.

Mama mmoja kwenye foleni alishtuka. "Na marehemu shemeji yangu je?" Akakimbilia ukutani, na mwingine akamfuata. Muda si muda majina mengine matatu ya waliokufa yalikuwa yamepatikana. Msimamizi aliangalia saa, kisha akawaangalia watu. "Lango lifungwe," alimwambia mlinzi, "lakini wote waliomo ndani tutawahudumia."

Kinyozi alitikisa kichwa. "Mama, unajisumbua. Wataiba tu. Mwizi hakosi njia."

"Watajaribu," Bibi alijibu. "Wala sidhani kwamba daftari hili limekuwa safi leo. Lakini nilipojificha nyuma ya pazia sikumkomoa mtu. Niliwarahisishia kazi tu. Paa likivuja hatuihami nyumba tukawaachia panya. Tunapanda, tunaziba tundu moja leo, kesho jingine."

Kisha akamwinamia Chiriku. "Na wewe, mjukuu wangu, umeona. Uongo niliokutuma ulinizika nikiwa hai. Ukweli wako umenirudisha, nao umemwokoa kijana wa watu. Nisamehe, sitakutuma tena uongo. Kupiga kura nako ni kusema ukweli wako mbele ya watu. Pengine watauhesabu vibaya, lakini usiposema kabisa, hutakuwa na la kudai. Walio hai wakikaa nyumbani, waliokufa ndio watakaotuchagulia viongozi."

Kinyozi alisogea ukutani, akaweka kidole juu ya orodha, na kuanza kulitafuta jina la marehemu baba yake.