Kisanduku Kilichongoja Ruhusa ya Kiwanda

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Alphonsine alikwenda kwanza kuangalia mayai. Mume wake, Floribert, alimcheka.

“Weye, hata Mungu unamusalimia nyuma ya mayai!”

“Mungu hasikiaka baridi,” Alphonsine alijibu. “Mayai inasikiaka.”

Waliishi Bunia, katika commune ya Shari. Floribert alikuwa seremala. Walikuwa wametoka Djugu wakikimbia vita. Alphonsine alitembea njia yote na kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku wa marehemu mama yake. Kuku hao walizoea Bunia na wakaanza kutaga. Kisha ugonjwa wa kuku ukapita mtaani. Ukawamaliza wote, pamoja na jogoo.

Yalibaki mayai tu, yale ambayo Alphonsine alikuwa ameyaweka kabla ya ugonjwa. Kama nayo yangeharibika, hakuna kingine cha nyumba ya mama yake ambacho kingebaki duniani.

Mayai hayo yalikuwa ndani ya couveuse, sanduku la kuangulia vifaranga bila kuku. Floribert aliinunua kwa mfanyabiashara sokoni. Ndani yake mlikuwa na taa ya joto na feni. Ubavuni palikuwa na kisanduku cheusi. Kisanduku hicho hakikuwa na kifungo hata kimoja. Simu ya Floribert ndiyo ilikuwa kifungo. Ukigusa simu, joto linapanda. Ukigusa tena, linashuka. Hakukuwa na haja ya connexion, yaani mtandao wa mjini. Simu na kisanduku viliongea vyenyewe, humo humo nyumbani.

Jumapili moja, baada ya mazoezi ya kwaya, Floribert alikaa na wenzake kwenye ngazi za ofisi ya paroisse, parokia yao. Hapo palikuwa na connexion ya bure. Siku za kazi kila mtu alizihurumia mega zake za mtandao. Kwa hiyo Jumapili wanakwaya walishusha kila kitu: nyimbo, picha, video za harusi. Simu ikiuliza swali, walijibu ndiyo.

“Mukubali yote, bandugu!” alisema Hubert, mwenye sauti nzito kuliko wote. “Leo paroisse ndiyo inalipa!”

Simu ya Floribert nayo ikauliza. Kiwanda cha couveuse kilikuwa kimetuma mise à jour, yaani maagizo mapya ya kuendesha kisanduku. Je, unakubali? Chini ya swali yalikuwapo maandishi mengi madogo. Floribert hakuyasoma. Aligusa “ndiyo” na kuendelea kucheka na wenzake.

Alipofika nyumbani, simu ilipitisha maagizo hayo kwenye kisanduku. Taa ndogo ya kisanduku ilibadilika rangi. Basi.

Kesho yake mvua kubwa ilinyesha. Saa za mchana umeme ukakatika. Haukukawia, ukarudi. Redio ikaanza tena kuimba. Lakini couveuse ilinyamaza. Feni haikuzunguka.

Alphonsine aliona taa ya kisanduku, ya rangi ya chungwa, ikipepesa.

“Floribert! Kuya! Hii kintu iko nakonyeza tu macho!”

Floribert aliacha randa yake na kuingia mbio. Alifungua simu. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Aliyasoma, akayarudia.

“Inasema nini?” Alphonsine aliuliza.

“Inasema... nifungue compte, niandike jina langu ku kiwanda. Kisha inasema connexion haiko.”

“Connexion ya nini? Jana ilikuwa inaomba connexion?”

“Hapana.”

“Juu ya nini leo?”

Floribert aliishusha simu. Alikumbuka ngazi za paroisse. Alikuna shingo.

“Nilikubaliaka kintu fulani,” alisema polepole.

“Kintu gani?”

“Mise à jour. Ilikuwa ya bure.”

Alphonsine alimtazama. Alitaka kusema neno kubwa. Badala yake alishika ukingo wa meza na kusema, “Bwana Mungu, unaona.” Mungu humsikia pia mtu aliyesimama wima.

Siku hiyo connexion ilikuwa mbovu mjini kote. Floribert akawaza kwenda mahali pa juu, ambako simu hushika vizuri. Alisimamisha pikipiki ya moto-taxi na kupotea ndani ya mvua. Alphonsine alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye couveuse, na kutoka kwenye couveuse hadi mlangoni. Alifungua kifuniko, akagusa yai, akafunga. Alifungua tena.

“Funga hiyo!” sauti ilisema nyuma yake. “Kila mara unafungua, unatosha joto inje.”

Alikuwa Mama Bénédicte, jirani wa ukuta mmoja. Alikuwa mfugaji wa kuku tangu ujana wake, na mdomo wake haukupumzika.

“Mama Bénédicte, mayai ya mama yangu itakufa!”

“Haiyakufa. Leta moja.”

Mama Bénédicte alichukua yai moja na kuliweka juu ya kope ya jicho lake. Hivyo ndivyo wanawake wa kwao walivyopima joto la yai, kwa kuwa kope husikia kuliko kidole.

“Iko nashuka, lakini iko bado na uzima. Weka maji ku moto. Yenye unaweza kushika mukononi, hapana ya kuchemuka.”

Walijaza maji ya moto katika bidon ndogo, vidumu vya plastiki, na kuzifunga kwa vitenge. Walizipanga ndani ya couveuse, kando ya mayai, bila kuyagusa. Maji yalipopoa, walibadilisha. Alphonsine alitaka kuingiza jiko la makaa ndani ya chumba na kufunga dirisha.

“Hapana!” Mama Bénédicte alimkataza. “Moshi ya makala mu nyumba ya kufunga inaua batu, mayai pia. Jiko ikae inje.”

Kisha alikwenda kwake na kurudi na kuku aliyekuwa akilalia. Kuku alikuwa na hasira ya kuhamishwa. Mama Bénédicte alimweka ndani ya katoni yenye majani, akasukuma mayai ya Alphonsine chini yake, moja baada ya jingine, mpaka nafasi ikaisha.

“Mengine itabakia na bidon,” alisema. “Tumbo yake haiko tente ya kufunika yote.” Kisha akaangalia kisanduku cheusi na kusonya. “Hii kuku yangu haijaomba mise à jour hata siku moja.”

Alphonsine alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kicheko kilikaribia kilio.

Floribert alirudi akiwa amelowa mpaka soksi.

“Kule juu simu imeshika!” alisema. “Nimefungua compte. Lakini simu imesema: kisanduku hakionekani.”

“Kitaonekana namna gani?” Alphonsine alipaza sauti. “Weye uko kule juu, kisanduku iko hapa!”

“Basi nifanye nini?”

“Uende utafute mutu mwenye kujua!”

Floribert aligeuka na kutoka tena. Safari hii alirudi na Clarisse, fundi wa friji na redio mwenye kibanda karibu na soko. Clarisse alisalimia, akapangusa matope, akaomba aelezwe yote tangu mwanzo. Floribert alieleza, hata habari ya ngazi za paroisse. Hakuficha.

Clarisse aliangalia simu, kisha kisanduku.

“Haijaharibika,” alisema. “Iko nangoja ruhusa.”

“Ruhusa ya nani?” Alphonsine aliuliza.

“Ya kiwanda. Musikilize. Mbele, simu yenu ilikuwa inaongea na kisanduku hapa mu nyumba. Mise à jour imebadilisha ile njia. Sasa, kila mara kisanduku inawaka, lazima iulize kwanza ku machine ya kiwanda, kule mbali mu inchi ingine. Kama connexion haiko, jibu haikuye. Jibu isipokuya, haiwashe joto.”

“Lakini simu iko hapa pembeni yake!” Floribert alisema.

“Ndiyo. Ni sawa vile uko ku meza na muke wako. Chumvi iko mbele yake. Badala ya kumwambia ‘nipe chumvi’, unatuma barua Kinshasa, juu Kinshasa imwambie akupe.”

“Na barua ikipotea?”

“Unakula bila chumvi.”

Mama Bénédicte alipiga makofi. “Na siye batu ya Bunia, barua yetu itafika siku gani?”

“Tuirudishe vile ilikuwa,” Alphonsine aliomba.

Clarisse alitikisa kichwa. “Hii kiwanda hairuhusu kurudia nyuma. Nilishaona ingine sawa hii. Lakini taa na feni ni nzima. Hazijui kiwanda. Zinajua courant ya umeme tu. Tutaziwekea thermostat ya mukono.”

Alitoa mfukoni kifaa kidogo chenye kifungo cha kuzungusha na waya mwembamba. Waya huo hupima joto. Joto likishuka chini ya kiwango ulichoweka, thermostat huwasha taa. Likifika kiwango hicho, huizima. Hakiulizi mtu.

Kwanza Clarisse alichomoa waya wa umeme ukutani. Floribert alisogea kumsaidia.

“Courant haiko, nishike hapa?”

“Usishike. Hii kazi ni ya fundi. Weye utalinda bidon za muke wako.”

Clarisse alikitoa kisanduku cheusi na kuunga thermostat. Ncha ya waya wa kupimia aliiweka sawa na urefu wa mayai, si juu karibu na taa. Alichomeka umeme. Feni ikazunguka. Taa ikawaka. Wote walitazama kipimajoto cha ndani ya couveuse kikipanda. Kilipofika mahali pake, taa ikazimika yenyewe. Baadaye ikawaka tena.

Clarisse akachomoa umeme, akangoja, akachomeka. Couveuse ikaamka mara moja, bila kuuliza.

“Asante Yesu,” Alphonsine alisema.

“Iko neno moja,” Clarisse alisema. “Ile kisanduku ndiyo ilikuwa inageuza mayai. Sasa utageuza kwa mukono, asubuhi, muchana na magaribi. Andika alama na crayon upande moja, usisahau upande gani. Siku za mwisho, wakati vifaranga viko karibu kutoka, uache kugeuza.”

Alizima taa ya chumba na kumulika yai kwa tochi ya simu. Ndani palionekana mishipa myembamba, na kivuli kidogo kikasogea. Alphonsine alifunika mdomo kwa mikono miwili.

Floribert aliinamisha kichwa. “Dada Clarisse, kwa hiyo mise à jour yote ni mubaya?”

“Hapana. Zingine zinafunga mulango ya wezi mu simu. Zile unazihitaji. Lakini usikubali bila kusoma. Kama hauelewe, uliza mwenye alishaiweka. Na usiweke wakati kintu iko mu kazi. Mayai ikiwa ndani, ngoja itoke. Mu simu yako, tutazima ile kujiweka yenyewe, ikuombe ruhusa kila mara.”

“Na siku ya kununua?”

“Siku ya kununua, zima connexion ya simu mbele ya mwenye kuuza. Chomoa machine, chomeka tena. Kama inakatala kuwaka, muachie. Na uangalie kama iko na kifungo ya mukono. Machine ya joto, ya maji, ya mulango, isikose kifungo ya mukono.”

Jioni waliyarudisha mayai yaliyokuwa chini ya kuku. Kuku wa Mama Bénédicte aliwadonoa wote, hata Clarisse. Kabla ya kuachana waliomba pamoja. Floribert ndiye aliyeongoza. Aliomba msamaha kwa haraka yake, akaomba ulinzi kwa viumbe wale wadogo, akamshukuru Mungu kwa majirani. Mama Bénédicte alisema “Amina” kabla hajamaliza, kwa sababu alikuwa ameacha mboga yake ya sombe kwenye moto.

Siku zilizofuata Alphonsine hakutulia. Aligeuza mayai. Alipima joto. Umeme ulikatika na kurudi, naye kila mara alikimbia kusikiliza feni. Kila mara feni ilizunguka. Hata hivyo alikimbia tena.

Kisha asubuhi moja, Floribert alipokuwa akinoa msumeno, Alphonsine alisikia sauti nyembamba ndani ya sanduku. Yai moja lilikuwa na ufa. Baadaye mengine yakafuata. Mayai kadhaa hayakufunguka, naye aliyahuzunikia. Lakini mengi yalifunguka. Kufikia kesho yake, katoni ilijaa vifaranga, weusi, wekundu, na wa madoadoa, rangi zile zile alizozijua tangu uani kwa mama yake.

Habari zilizunguka mtaani. Mama Bénédicte alikuja na wanawake wawili waliotaka kuona, na kuuliza fundi ni nani. Floribert aliwazuia mlangoni, kidole mdomoni.

“Alphonsine iko wapi?” Mama Bénédicte aliuliza.

“Iko nalala.”

“Alphonsine? Kulala muchana?”

“Ameketi tu pembeni ya vifaranga, akaanza kuomba. Mbele ya kusema Amina, usingizi imemubeba.”

Mama Bénédicte alichungulia. Alphonsine alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Kando yake vifaranga walipiga kelele kwa nguvu zao zote, wala hawakumwamsha.

Mama Bénédicte alivua kandambili zake, akaingia akinyata.