Vipande Sitini vya Milola

"Itambulike kwa watu wote, wa bara na wa pwani, ya kwamba Yassin Likwata wa Kidato cha Pili sasa ni Mtaalamu wa Ramani wa Kimataifa, na kwa hiyo asisumbuliwe kwa kazi ndogondogo."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa bweni asubuhi. Kufikia saa nne mtu alikuwa ameongeza chini yake kwamba zamu ya kudeki vyoo ni ya mtaalamu huyohuyo. Yassin akadeki.

Utaalamu wenyewe ulikuwa hivi. Katika shule yao ya bweni karibu na Somanga, Mwalimu Romana alikuwa ameanzisha klabu ya kujitolea kwa shirika moja la ng'ambo linalochora ramani za vijiji kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani. Kila jioni wanafunzi walikaa wawili wawili kwenye kompyuta, wakatazama picha zilizokatwa vipande na kuchora kila paa. Pasipo na paa walibonyeza "hakuna nyumba". Ramani ikikamilika, ingekabidhiwa kwa wahudumu wa afya wanaogawa vyandarua. Penye nyumba wangefika; pasipo na nyumba wasingepoteza mafuta ya pikipiki.

Watu wa ng'ambo walichora pia, lakini hawakujua kwamba mvua zikianza familia nyingi huhamia shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori na ngedere, zikakaa huko mpaka mavuno. Kibanda cha nyasi kikitazamwa kutoka juu hufanana na kichuguu. Ndiyo maana neno la watoto wa huku lilikuwa la mwisho.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Wiki ya tatu ilikuwa adhabu. Mtu ameamka saa kumi na moja alfajiri, amefyeka nyasi, amesoma vipindi vinane, kisha anakodolea macho shamba, kichaka, shamba, kichaka. Feni ilikuwa mbovu. Picha zilifunguka kwa mwendo wa kobe. Alhamisi hiyo Hamida, aliyekuwa akikaa naye, alikwenda zahanati, na Yassin akaachiwa peke yake vipande sitini vya bonde la Milola. Alitazama cha kwanza. Alitazama cha pili. Kisha akabonyeza "hakuna nyumba" mara hamsini na nane, akalaza kichwa juu ya meza.

Jumatatu Mwalimu Romana aliwasomea wanaklabu ujumbe kutoka kwa Bibi Marit, mstaafu wa huko Norwei aliyekuwa akilinganisha michoro yake na yao. Akautafsiri polepole: "Nilikuwa nimechora mapaa kumi na moja huko Milola. Lakini Yassin ni mtu wa huko, anajua kuliko macho yangu ya kizee. Nimeyafuta yote."

Wenzake wakapiga makofi. Hamida hakupiga. Aliifungua ramani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema taratibu, "hapa mto unapopinda ndipo alipo mama tangu masika yaanze. Yuko na mdogo wangu wa miezi miwili. Hapaonekani kitu."

Optatus, bingwa wa kusema kabla ya kufikiri, akasema bila shaka yule bibi alifuta kupita kiasi, wazee na kompyuta wapi na wapi. Wote wakakubali, na Yassin akakubali kuliko wote. Alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa na kutamka kwamba uzee ni ugonjwa usio na dawa.

Mwalimu Romana hakubishana. Ramani ilitakiwa kesho yake asubuhi, kwa hiyo aligawa upya vile vipande kwa klabu nzima. Hakuna aliyekwenda kufua siku hiyo. Walichora kibanda kimoja baada ya kingine, macho yakiwawasha, Hamida akizunguka nyuma yao akionesha: hapa kwa mjomba, hapa kwa jirani yetu, hiki kichuguu kweli. Jua lilipozama walikuwa wamepata mapaa thelathini na manne. Ramani ikatumwa, na jibu likarudi kwamba imepokelewa na wahudumu watafika mpaka pale mto unapopinda.

Wengine walipotoka wakijikokota, Mwalimu alimzuia Yassin. Akageuza kompyuta imwelekee.

"Mashine hii huandika muda. Vipande hamsini na nane, dakika tatu."

Yassin alitafuta mzaha, akaukosa. "Nilichoka, Mwalimu."

"Najua. Hata mimi nimechoka. Ungeniambia, ningekupumzisha, na vipande vingebaki wazi mpaka mwingine avitazame. Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema umetazama wakati hukutazama. Anayejitolea halipwi, lakini anaaminiwa. Yule bibi alifuta alichokiona kwa macho yake mwenyewe, kwa kukuamini wewe."

Hakumwambia la kufanya. Hamida alikuwa bado anafunika kompyuta za nyuma kwa vitambaa. Yassin akamwendea, akamwambia yote, hata kwamba hakuutazama ule mto. Hamida alimsikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Mwandikie."

Akaketi, akaandika kwa Kiingereza chake cha kuchechemea. Shikamoo peke yake aliiacha kwa Kiswahili, maana hakuijua kwa lugha nyingine.

"Bibi Marit, shikamoo. Macho yako ni mazima. Mapaa yalikuwepo. Mimi sikutazama."