Kibao Shingoni, Mama Akashangilia

Nina miaka ishirini na mitatu, mkulima wa Vudee, juu milimani Upare. Kama si ndugu yangu Elisante, leo mngeniita bwana karani!

Elisante ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Alipofiwa na wazazi, mama yangu alimlea, tukala sahani moja, tukashuka pamoja kusoma shule ya bweni karibu na Same. Asante ya punda ni mateke, nanyi mtayaona.

Pale shuleni hatukuogopa nyoka wala njaa. Tuliogopa kibao! Ukisikika unasema lugha yoyote isiyo Kiingereza, unavishwa shingoni kibao cha mti chenye kamba, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Anayelala nacho anachapwa. Ukilala nacho mara tatu... unafukuzwa. Vijana wenye ndevu walikuwa wakinyata nyuma ya vyoo wasikie nani kaponyokwa na neno la Kipare. Wanaume hao!

Mimi nilikuwa nimelala nacho mara mbili. Elisante vilevile, na Jumamosi ile kilikuwa shingoni mwake, ananyata nyuma ya vyoo tangu asubuhi.

Jioni mama akafika, miguu imejaa vumbi, amebeba chungu cha makande kikapuni. Akaniambia kwa Kipare kwamba baba ameanguka bondeni, hajitambui. Ningefanya nini, wasomaji? Mama hajui Kiingereza hata neno! Nikafumba mdomo, namkodolea macho tu, naye akadhani namwonea aibu. Machozi yakamlenga.

Elisante akaninong'oneza kwa Kiingereza chake cha kubabaisha, "Zungumza naye, bwana. Huyu si mama yetu? Nitakuvishaje?"

Nikamwamini. Nikauliza kwa Kipare, "Mama, baba yu hai?"

Hata sijafunga mdomo, kamba imeshanipita kichwani! Tena alikwisha kumkonyeza kiranja aje ashuhudie. Na mama je? Maskini, alidhani nimepewa nishani! Akasahau majonzi yake, akapiga vigelegele uwanja mzima, akamshika Elisante mikono na kumshukuru kwa kuniheshimu. Na yule bila haya akaketi, akala makande yale mpaka akakomba chungu.

Usiku ule nikalala nacho mara ya tatu, na wakubwa hawakusikiliza udhuru. Nikapanda mlima na sanduku langu kichwani.

Nyumbani nilimkuta baba amezinduka. Mama akaniuliza hii ni likizo gani hata nirudi na sanduku, ikabidi nimweleze kibao kile ni kitu gani. Hakulia. Aliketi juu ya kinu, akauliza tu kama makande yalimtosha Elisante. Hapo ndipo nilipolia mimi!

Elisante alimaliza shule, akapata ukarani. Mwaka jana akaja kututembelea, kaptula imenyooshwa pasi, soksi hadi magotini. Akamwamkia mama kwa Kipare kitamu... Kipare kilekile alichonifukuzishia!

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kile anachowasemesha wapita njia tu.

"Karibu, mgeni."

Akamwekea kiti nje.

Enyi wanafunzi, nawasihi. Ogopeni fimbo, ogopeni mtihani, ogopeni kuchekwa, hakuna asiyeogopa. Lakini usimvishe nduguyo hofu yako ili wewe upone! Utafaulu, ndiyo. Elisante amefaulu. Ana kazi, ana baiskeli mpya, na hana kwao.